Namba ya simu ya mtu wa upande wa pili

Watu wakinijia kuuliza waanzie wapi ili jamii mbili zinazoishi eneo moja zisije zikashikiana mapanga, wengi hutegemea nitawaambia waitishe mkutano wa hadhara. Mimi huwauliza kwanza: usiku wa leo kijana wa kwenu akipigwa, utampigia simu nani wa upande wa pili? Kama huna mtu, achana na mkutano kwa sasa. Mtafute huyo mtu.

Nimekaa sana kwenye kamati za usuluhishi. Ardhi, maji, siasa, kunyimana kazi, hayo huwapo miaka nenda miaka rudi na watu huishi nayo kwa kununiana. Damu humwagika pale tukio dogo linapokutana na uvumi, na kati ya tukio na kisasi mara nyingi ni saa chache tu. Fulana zenye picha ya njiwa na posho ya kikao (tunaijua ilivyo) hazifiki ndani ya saa hizo.

Kuna jioni moja kijana alipigwa kwenye ugomvi wa mpira. Giza halijaingia, ujumbe wa sauti ulishazagaa kwamba ameuawa, na vijana wa kwetu wameanza kukusanyika. Nikampigia mama mmoja wa upande wa pili ambaye tulikuwa tumezoeana. Hakunipa pole wala hakujitetea. Aliniuliza, "Mwili umeuona wewe?" Sikuwa nimeuona, na aliyeniambia naye aliambiwa. Tukakubaliana mzee mmoja wa kwetu na mmoja wa kwao waende hospitali, waingie mlangoni pamoja. Wakamkuta kijana ana nyuzi kichwani, anaomba maji. Wazee hawakujirekodi wenyewe. Walimwomba mama yake aseme kwa sauti yake kwamba mwanawe yu hai na kila mtu arudi nyumbani, kisha sauti hiyo ikarushwa kwenye makundi yale yale yaliyoeneza habari ya kifo. Angesema mzee wa upande wa pili, wangedai amehongwa. Mama mzazi hakuna aliyethubutu kumbishia.

Kwa hiyo uvumi ukikufikia, uliza aliyeuona ni nani, watume watu wa pande zote mbili wakahakikishe kwa pamoja, na jibu litolewe na mwenye uchungu. Serikali ikikanusha peke yake, nusu ya watu hawaamini.

Uvumi nao una mizizi yake, nayo ni mizaha. Redio RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na wasikilizaji waliipendea muziki na utani wake. Kwenye mauaji ya kimbari ya 1994 redio hiyo hiyo ikawa inataja watu wa kusakwa. Ndiyo maana siku hizi mtu akileta utani wa kuwaita majirani wadudu au wezi, simchekei hata kama ni shemeji yangu. Mkemee papo hapo, tena mbele ya wenzake, kwa upole. Na mtu akiiba, sema fulani ameiba, jina lake. Ukisema "hawa watu wameiba," umeshaunda jeshi mbili.

Halafu angalia nani yuko kwenye kamati yenu. Nyingi ni wazee watupu, na wanaoshika mawe si wazee. Mjini Chicago, mwaka 2000, daktari Gary Slutkin, ambaye kabla ya hapo alipambana na magonjwa ya mlipuko Afrika, alianzisha mpango wa kuzuia mauaji ya risasi namna ile ile ugonjwa wa kuambukiza unavyozuiwa. Waliotumwa kuongea na mtu anayepanga kisasi walikuwa watu waliowahi kuishi maisha ya mtaani, baadhi yao wakiwa wametoka magengeni. Padri au diwani angeambiwa nini na kijana mwenye bastola? Lakini aliyefungwa kwa kosa lile lile husikilizwa. Kwetu pia nimeona nahodha wa timu akituliza kundi ambalo sheikh na mchungaji walishindwa kulituliza.

Wanawake nao wasiitwe kupika chai ya kikao. Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo zilikuwa zinauana, na uhasama ukaingia hadi sokoni: mama wa ukoo huu hamuuzii wa ukoo ule. Wanawake wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianza na soko hilo. Wakaweka kamati ya kusimamia kwamba kila mwanamke anauza na kununua bila kuulizwa ukoo. Azimio la Al-Fatah, yaani makubaliano ya amani ya wazee wa koo hizo, lilikuja baadaye, mwaka 1993. Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007.

Kuna mambo ambayo kamati isiyaguse. Ubakaji na mauaji ni ya polisi na mahakama. Nimeona wazee wakimaliza kesi ya binti kwa fidia aliyopewa baba yake, wakarudi wakisema wameleta amani. Binti hakuulizwa. Na mapanga yakishatolewa, usijitie katikati. Waondoe watoto na wagonjwa kwanza, kazi ya maneno itaendelea kwa simu.

Ukisuluhisha, usipande gari la upande mmoja kwenda kikaoni, na usile kwao ukakosa kula kwa wengine. Mambo haya yanahesabiwa kuliko hotuba yako. Usimwambie aliyeumizwa asamehe siku hiyo. Mwache aongee mpaka amalize, hata akikutukana.

Makubaliano yaandikwe: nani analipa, nini, kwa nani, tarehe ipi, na nani atafuatilia. Tarehe ikikaribia bila dalili ya malipo, mpigie aliyeumizwa umweleze kabla hajakuuliza, kisha umfuate mdaiwa nyumbani kwake pamoja na mtu wa ukoo wake mwenyewe.