Sado iliyobonyezwa, cheti cha kaka na mama asiyeambiwa

Mwezi huu barua nyingi zimehusu ukweli na uongo, nami nimechagua nne. Kwa msomaji mgeni, mimi si mchungaji. Ni mzee wa kanisa la Kilutheri huku Moshi vijijini, na kazi niliyostaafu nayo ni ukarani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa. Mtu aliyefanya kazi hiyo hutazama kwanza mshale umesimama wapi kabla gunia halijapandishwa. Hata Maandiko nayasoma hivyohivyo, mnivumilie.

*

*Shikamoo mzee. Nauza maharage na mchele sokoni. Sado ninayopimia niliinunua ikiwa imeshabonyezwa kitako, na soko zima tunatumia za namna hiyo. Wateja wenyewe wanajua. Nikitumia sado nzima kwa bei ileile napata hasara, nikipandisha bei wanahamia kwa jirani. Mimi ni mwanakwaya na fungu la kumi natoa. Hivi na hii nayo ni dhambi?*
*– Mama wa watatu, Makambako*

Marahaba mwanangu. Ni dhambi. Nimelitanguliza jibu usije ukasoma mpaka mwisho ukitafuta upenyo.

Sasa tuitazame hiyo sado. Ni kopo la rangi la lita 4. Mtu analigonga kitako kiingie ndani, nje linabaki na urefu uleule, mdomo uleule. Mteja anaona kichuguu cha maharage juu na moyo unatulia. Tuseme kitako kimekula robo lita tu, kikombe kimoja cha chai. Kila ukiuza sado 16, sado nzima moja imebaki kwenye gunia lako na hela yake umeshaifunga kwenye kanga. Hiyo sado moja nani kailipa?

Hilo ndilo swali langu kwa kila udanganyifu, mkubwa kwa mdogo. Unasema wateja wanajua. Anayejua ni yule mzoefu, na huyo hapunjwi, maana anabishana mpaka umwongezee viganja viwili. Asiyejua ni mtoto aliyetumwa na bibi yake, ameshika noti mkononi na ameambiwa arudi kabla ya giza. Huyo ndiye anayewalipia wote.

Na maharage yenyewe uliyanunua kwa nani? Kama uliyanunua shambani kwa lumbesa, lile gunia lililoshonewa kichwa mpaka linaonekana na mimba, basi umekula pande zote mbili. Serikali imepiga kelele miaka nenda rudi kwamba gunia lisizidi kilo 100, na lumbesa bado inapanda kwenye malori mchana kweupe. Nabii Amosi, mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa, aliwaona watu wa namna hiyo zaidi ya miaka 2,700 iliyopita. Ukisoma sura ya 8 utawakuta wameketi ibadani wanahesabu saa sabato iishe wafungue maghala, wapunguze kipimo cha kuuzia, wazidishe jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi, na takataka za ngano waziuze humohumo. Usinielewe vibaya, kwaya yako naiheshimu. Ila Amosi alikuwa anasema na watu wa ibada, hakuwa anasema na wapagani.

Kwenye kahawa tulikuwa na ya kwetu. Mkulima anainyunyizia maji usiku ili asubuhi iwe nzito, ukiing'ata punje inabonyea kwenye jino badala ya kuvunjika. Karani naye anayo ya kwake. Gunia limesoma kilo 34 na nusu, daftarini inaingia 34. Nusu kilo nani atagombana nayo, na foleni imefika barabarani? Msimu ukiisha, ghalani pana magunia ambayo hayana mwenyewe kwenye daftari, nayo hayalali hapo siku nyingi. Nimeona watu wakijenga kwa hizo nusu. Na mkulima aliyelowesha kahawa alikuwa akijitetea kwa karani, karani akijitetea kwa mkulima, kama wewe unavyojitetea kwa jirani yako wa meza ya pili.

Kuna mstari tunaupenda sana siku za harambee, Luka 6:38: "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Wahubiri wameugeuza kuwa mstari wa bahasha. Usome tena ukiwa umesimama sokoni. Huyo ni muuza nafaka anayejaza, anashindilia kwa kiganja, anakitikisa chombo ili punje zikae, anajaza tena mpaka zinadondoka kwenye nguo ya mnunuzi. Yesu aliyaona hayo kwa macho yake. Na kinachofuata kwenye mstari huohuo hakisomwi sana kwenye harambee, kwamba kipimo utakachopimia ndicho utakachopimiwa.

Cha kufanya? Kama mtaji unaruhusu, nunua mizani, ipeleke kwa watu wa Wakala wa Vipimo waikague na kuibandika stika, uza kwa kilo. Kama hauruhusu, tafuta sado nzima, iweke mezani na ile iliyobonyezwa kando yake, na bei ya ile nzima uiandike kwenye kadibodi kwa herufi kubwa. Mteja anayebisha, mwagie maharage ya ile mbovu ndani ya ile nzima aone yanapoishia. Sikuahidi kwamba utatajirika. Wapo wauzaji waaminifu waliofunga vibanda, nawafahamu. Lakini mama ntilie anayenunua kila siku akishaona tofauti ile kwa macho, hahami kirahisi.

Kuhusu yaliyopita, Walawi 6 inamtaka aliyemdhulumu jirani yake arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano juu yake, na ampe mwenyewe aliyedhulumiwa. Sadaka ya hatia ipo pia, lakini haikubebei deni la jirani. Huwezi kuwapata wote, naelewa. Anza na wale wa kila siku unaowajua kwa majina.

*

*Bwana Yesu asifiwe. Nimeajiriwa kama mtunza stoo katika kampuni binafsi kwa cheti cha kidato cha nne cha kaka yangu, aliyenipa mwenyewe kwa hiari. Kazini naitwa kwa jina lake. Hata cheti cha kuzaliwa cha mwanangu kina jina lake kama baba. Sasa kaka amepata kazi ya kudumu kiwandani, na kila karatasi anayopeleka inaonyesha ameshaajiriwa kwingine. Mimi nimeokoka mwaka jana. Wapendwa wananiambia ya kale yamepita. Je, nikiri?*
*– Kijana, Morogoro*

Amina. Wapendwa wako wana haraka. Ya kale hayajapita kwa kaka yako, yanamsubiri getini kiwandani.

Ulipoanza huenda ulidhani hakuna anayelipa. Kampuni imepata mtunza stoo mzuri, wewe umepata mshahara, kaka alikuwa kijijini hana haja na karatasi. Leo bili imekuja na jina lake. Tena hujui ni nani alikaa kwenye benchi siku ile ya usaili akiwa na cheti chake halali, akarudishwa nyumbani.

Nakupeleka kwa Yakobo, kwa sababu kesi yenu ni moja. Isaka, baba yake kipofu, anauliza, wewe u nani? Yakobo anajibu, "Mimi ni Esau, mzaliwa wako wa kwanza." Baraka akapata. Tazama alivyoila: alikimbia nyumbani, akaenda kwa mjomba Labani akabadilishiwa bibi arusi gizani, akaishi miaka 20 ugenini akiogopa sura ya ndugu yake. Na usiku ule kwenye kivuko cha Yaboki, yule aliyeshindana naye mpaka alfajiri akamuuliza swali lilelile, jina lako nani? Safari hii akasema, "Yakobo." Baada ya hapo ndipo akabarikiwa kwa haki, na akaondoka anachechemea.

Watu huishia hapo. Mimi napenda kilichotokea asubuhi. Yakobo alikuwa ametanguliza kwa Esau mifugo zaidi ya 500, imeandikwa kwa hesabu: mbuzi majike 200 na madume 20, kondoo vivyo hivyo, ngamia, ng'ombe, punda. Na kwenye Mwanzo 33:11 anamsihi kaka yake apokee mbaraka wake. Alichokuwa amekiiba kwa jina la mtu, alijaribu kukirudisha kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa hiyo ndiyo, kiri, ila usianzie madhabahuni. Nimechoka na shuhuda za mtu anayelia mbele ya kipaza sauti na kanisa linapiga vigelegele, wakati aliyedhulumiwa hayumo hata ndani ya jengo. Anza na mkeo, maana njaa itakayofuata ni yenu wote. Kisha kaka yako. Kisha wakili, au ofisi ya msaada wa kisheria kama hela hakuna, kwa sababu kutumia cheti cha mtu ni jinai na lazima ujue unaingia wapi kabla hujafungua mdomo kwa mwajiri. Baada ya hapo nenda kwa mwajiri. Jina kwenye cheti cha mtoto nalo lina utaratibu wake RITA, ofisi inayosajili vizazi, wakili atakuelekeza.

Utapoteza kazi? Yawezekana sana. Mwaka 2017 uhakiki wa watumishi wa umma ulipotaja watu 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wengine walikuwa wamefanya kazi miaka mingi na vizuri, na hawakusalimika. Siwezi kukudanganya katika safu inayokemea uongo. Wazee wa usharika wako nao nawaambia hapahapa: kijana huyu akija kuwaambia ukweli, msimpe maombi peke yake. Mlipieni kodi ya miezi michache.

*

*Mzee, ukipigiwa simu ukasema "niko njiani, nimefika Ubungo" na bado hata hujaoga, hapo napo Mungu anahesabu?*
*– Mcheshi, Dar es Salaam*

Anayekusubiri juani anahesabu, huyo nina uhakika naye. Sema "sijatoka." Yanachukua muda uleule kuyatamka.

*

*Shikamoo baba. Mama yetu ana saratani ya shingo ya kizazi, imesambaa. Daktari alituambia sisi watoto. Kaka mkubwa akaamua mama asiambiwe, atakata tamaa. Tunamwambia ni vidonda, na tunampeleka Ocean Road kwa matibabu. Anazidi kudhoofu. Mimi ndiye ninayelala naye na moyo unanisuta. Lakini wakunga wa Misri si walimdanganya Farao na Mungu akawatendea mema?*
*– Binti wa mwisho, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Nianze na wakunga, kwa kuwa kila anayetaka kuficha jambo huwakimbilia. Shifra na Pua walimdanganya mfalme aliyeagiza watoto wa kiume wauawe. Augustino, askofu wa Hippo, aliyeandika vitabu viwili dhidi ya uongo, hakuwasamehe hata hao. Alisema Mungu aliwalipa kwa huruma yao, si kwa uongo wao. Mimi simfuati Augustino mpaka hapo. Mwenye panga mlangoni anayemtafuta mtoto wako hana haki ya kuambiwa mtoto yuko chini ya kitanda. Lakini mama yenu si Farao. Hakuna anayetaka kumuua mtu kwa kuujua ukweli huu, na ukweli mnaouficha ni wa mwili wake mwenyewe.

Halafu, mwanangu, mnampeleka Ocean Road. Kuna mtu mzima nchi hii asiyejua watu wanapelekwa Ocean Road kwa ugonjwa gani? Ameketi kwenye yale mabenchi, amezungumza na wanawake wenzake, ameona vichwa visivyo na nywele. Nadhani mama anajua, naye anawaficha ninyi kwamba anajua, msije mkakata tamaa. Nyumba nzima inaigiza na hakuna mtazamaji.

Anayelipa hapa ni yeye. Huenda kuna kiwanja hajasema kiende kwa nani, au dada yake waliyenuniana tangu msiba wa babu. Huenda anataka kuzikwa Rombo na ninyi mnapanga Kinondoni. Isaya alitumwa kwa mfalme Hezekia na maneno makavu kuliko ya daktari yeyote, atengeneze mambo ya nyumba yake maana atakufa. Hezekia aligeukia ukutani akalia, akaomba. Alipata nafasi ya kulia na kuomba kwa sababu aliambiwa. Ninyi mnamuombea mama apone vidonda.

Sisemi muingie wodini leo na kumsomea majibu ya kipimo. Zungumza kwanza na daktari au muuguzi, wanajua kusema mambo haya. Kisha anza wewe. Kaka ni mkubwa, heshima yake apewe, aambiwe kabla. Ila anayemgeuza mama kitandani usiku ndiye mama atakayemsikiliza. Muulize, "Mama, wewe mwenyewe unaonaje huu ugonjwa?" Kisha unyamaze, aseme yeye. Akikuuliza kama atapona, usimwambie ndiyo, wala usimwambie hapana. Mwambie daktari amesema nini, kwa maneno aliyoyasema daktari, na kwamba hutaondoka hapo. Akisema hataki kujua zaidi, hiyo ni haki yake. Msimlazimishe. Na kaka akikasirika, mpe gazeti hili asome, anilaumu mimi.