Kabla ya kuandika sehemu ya pili, andika siku ya muuaji

Skripti nyingi za sehemu ya pili ya filamu zinazopita mikononi mwangu zina ugonjwa mmoja. Mwandishi amedhani kazi yake ni kumficha muuaji vizuri kuliko mara ya kwanza. Basi anaongeza maiti, anaongeza vinyago, anaongeza safari za kurudi nyuma katika wakati, na tukifika katikati mtazamaji hajui tena yuko siku gani, wala hajali. Wewe unayeanza, hasa kama hadithi yako ni ya mauaji na siku inayojirudia, nakuomba uanzie kwingine.

Anza na muuaji. Chukua karatasi uandike, saa kwa saa, atakachofanya siku hiyo iwapo hakuna atakayemgusa: asubuhi yuko wapi, kisu kakitoa wapi, nani kampita kwenye ngazi. Mimi huiita siku tupu. Usiandike hata sini moja kabla haijakamilika, kwa sababu humo ndimo utakamotoa kila kidokezo.

Fikiria: katika hadithi ya namna hii siku ileile huanza upya kila mara, na anayekumbuka zilizotangulia ni mmoja tu. Waliobaki ni kama mshale wa saa, watafanya yaleyale mpaka yule mmoja, stelingi wako, awasukume. Kwa hiyo kikibadilika kitu ambacho stelingi hajakigusa, kwa mkono wake wala kwa matokeo ya alichofanya, hicho ni ushahidi. Jana nesi alipita na trei yenye vikombe viwili, leo vitatu, na stelingi hajatoka chumbani? Mtazamaji mwenye macho ameshaona. Kama hukukusudia, umeharibu. Kama ulikusudia, umepanda kidokezo bila mtu kufungua mdomo.

Hili nililipata kwa aibu. Niliwahi kuandika hadithi ambayo kanuni yake ilikuwa moja: siku ikianza upya, kinachobaki na stelingi ni kumbukumbu peke yake. Nikaandika kurasa nyingi, nikajipongeza, nikampa mwenzangu asome. Alirudi na kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa 61. Stelingi wangu alikuwa ameamka siku ya tano na barua ya muuaji mfukoni. Barua! Imefikaje? Na fumbo zima lilikuwa linafunguliwa na barua hiyo. Nilijaribu kutafuta ujanja wa kuitetea, nikashindwa, nikaandika upya theluthi nzima ya mwisho.

Baadaye nilipoitazama Happy Death Day 2U ya mwaka 2019, sehemu ya pili ya filamu ya Happy Death Day, nilicheka peke yangu. Christopher Landon, aliyeiandika na kuiongoza, alikuwa na ukuta uleule nilioufunika kwa karatasi, naye akaugeuza kuwa injini. Tree, msichana ambaye kila akifa huamka asubuhi ya siku ileile, anayeigizwa na Jessica Rothe, anahitaji wanafunzi wa sayansi wapate hesabu ya kurekebisha mashine iliyovuruga wakati. Kila jaribio likishindikana siku inaanza upya, karatasi zinafutika, na wao hawakumbuki kitu. Basi ni yeye, asiyeelewa hizo hesabu, anayelazimika kuzikariri zilizoshindwa, afe, aamke, awasomee. Ni kichekesho, ni adhabu, na ni kanuni iliyoheshimiwa mpaka mwisho.

Ila somo kubwa zaidi la filamu hiyo ni lile la swali. Katika ya kwanza, ya mwaka 2017, Tree anauawa Jumatatu tarehe 18, siku yake ya kuzaliwa, anaamka Jumatatu ileile, na sote tunauliza: nani anamuua? Swali hilo lilijibiwa. Kuliuliza tena kungekuwa kupasha kiporo moto. Kwa hiyo sehemu ya pili inaanza kwa Ryan, yule kijana ambaye katika ya kwanza kazi yake ilikuwa kufungua mlango na kusema maneno mawili matatu. Yeye ndiye anayeanza kurudia siku, tena Jumanne. Kisha Tree anatupwa kwenye Jumatatu inayofanana na ile anayoijua, lakini si yenyewe: kijana anayempenda ana mwingine, na mama yake, ambaye tulijua amekufa, yu hai. Swali sasa ni abaki wapi. Muuaji bado yupo na kisu bado kipo, lakini ukiuliza mtu aliyeitazama anakumbuka nini, atakutajia mama.

Sitasema haina kasoro. Fumbo la mauaji lenyewe ni jepesi kuliko la kwanza. Ukimtazama kwa makini daktari na watu wanaomzunguka, utahisi mapema. Na sokoni haikupaa: ya kwanza ilitengenezwa kwa chini ya dola milioni 5 na kuingiza zaidi ya dola milioni 120, ya pili iligharimu takriban milioni 9 na kuingiza kama nusu ya mapato hayo. Wengine walifuata damu wakakuta sayansi na machozi. Hilo nalo ulijue kabla hujabadilisha swali: kuna watakaokununia.

Mambo madogo nayapitia haraka. Asubuhi inayojirudia ionyeshe nzima mara moja tu, kengele, dari, sauti ya jirani. Mara ya nne kengele peke yake inatosha. Kifo kiwe na gharama, la sivyo hofu inakwisha baada ya cha tatu; katika filamu hizi mwili wa Tree unabeba madhara ya kila kifo, na hapo ndipo saa inapoanza kuhesabu. Na usimpe mtu mmoja kazi ya kueleza mashine kwa dakika kumi. Hata mimi huruka hizo kurasa.

Siku hizi mtu akiniletea sehemu ya pili, kabla sijaifungua namwomba aniandikie mistari miwili juu ya bahasha: hadithi ya kwanza iliuliza nini, na hii inauliza nini. Wiki iliyopita kijana mmoja aliandika "nani muuaji?" mara mbili, akaitazama bahasha kwa muda, akaichukua na kuondoka nayo mwenyewe.