Maswali ya Wasomaji: Kioo cha Paa Kimesambaratika, Tukibadilishe Vipi?

Swali

Ndugu Mshauri, salaam.

Gari letu la familia lina viti saba na paa la vioo viwili, cha mbele kinachofunguka na cha nyuma kisichofunguka. Wiki mbili zilizopita, tukiwa safarini kwa mwendo wa kawaida, tulisikia mlio mkubwa kama wa bunduki, na tulipoangalia juu tukakuta kile kioo kinachofunguka kimesambaratika chote. Hatukuona jiwe wala tawi. Tunamshukuru Mungu kwamba pazia la paa lilikuwa limefungwa, kwa hiyo watoto hawakupata hata mkwaruzo.

Fundi wa kwanza ametushauri tuzibe uwazi kwa bati na kulipaka rangi, kwa hoja kwamba kioo kipya nacho kitapasuka. Fundi wa pili anasema atatuletea kioo kilichotumika kutoka kwenye gari bovu na kukifunga kwa nusu saa. Mume wangu anataka kujua kwa nini kioo kipasuke chenyewe, nami nataka kujua njia iliyo salama kwa watoto wangu. Kwa sasa tumefunika kwa nailoni.

*Mama wa watoto watatu*

Jibu

Dada yangu, poleni sana, na nimefarijika kwamba pazia lilikuwa limefungwa. Nianze na swali la mumeo, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuonyesha kwa nini mafundi wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa namna yake.

Kioo cha paa kinachofunguka, ambacho wengi tunakiita sanrufu, kwa kawaida ni kioo kilichokazwa kwa joto. Kiwandani hupashwa moto kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupulizwa hewa ya baridi kwa ghafla, hivi kwamba uso wake hukakamaa kwanza, na sehemu ya katikati inapopoa baadaye huuvuta uso huo kuelekea ndani. Matokeo yake ni kioo ambacho nje kimebanwa kwa nguvu na ndani kinavutwa kwa nguvu, na ubishani huo wa nguvu mbili ndio unaokiwezesha kustahimili mishtuko ambayo kioo cha kawaida kisingeistahimili. Lakini siku ufa mdogo unapopita ule uso uliobanwa na kufika katikati, nguvu yote iliyofungiwa humo hufumuka kwa mara moja, na ndipo mnaposikia mlio kama wa bunduki na kuona maelfu ya vipande vidogo vyenye kingo butu kiasi.

Ufa huo si lazima uanze siku ileile. Huenda jiwe dogo lilidonoa kioo mwezi uliopita bila mtu kuliona, au mzigo uliofungwa juu ya paa uligusa ukingo, na ukingo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika kioo cha namna hii. Huenda pia skrubu za kioo zilikazwa vibaya na mtu aliyekifungua zamani, kioo kikawa kinapindwa kila gari linapopita kwenye shimo. Mara chache, chembe ndogo ya salfaidi ya nikeli hubaki ndani ya kioo tangu kiwandani, ikavimba polepole hata baada ya miaka, mpaka ikakipasua bila kuguswa na kitu chochote. Kwa hiyo msijilaumu kwa kutoliona jiwe.

Kabla ya kutoa fedha yoyote, fanyeni mambo mawili. La kwanza, pigeni picha za paa, za vipande na za viti, kisha mwasiliane na kampuni ya bima, kwa kuwa baadhi ya bima hulipia vioo na huhitaji kuona uharibifu kabla haujasafishwa. La pili, ulizeni kwa wakala wa mtengenezaji, mkiwa na namba ya chasisi, kama gari lenu limo katika orodha ya magari ambayo mtengenezaji ameagiza yarudishwe kwake kurekebishwa hitilafu ya paa. Hyundai iliwahi kuagiza hivyo kwa magari ya Veloster ya toleo la mwaka 2012 kwa sababu vioo vya paa vilikuwa vimedhoofishwa wakati wa kuunganishwa kiwandani, na Mercedes-Benz, nchini Marekani, iliagiza yarudishwe magari zaidi ya 700,000 ya matoleo ya 2001 hadi 2011 kwa kuwa gundi iliyoshika kioo cha paa kwenye fremu yake ingeweza kuachia. Gari likiwa kwenye orodha ya namna hiyo, matengenezo kwa kawaida huwa ni juu ya mtengenezaji.

Sasa nije kwa fundi wa bati. Naomba msimruhusu. Chini ya uwazi huo kuna reli, nyaya na mota, na kandokando ya dari, katika magari mengi ya familia, kuna mifuko ya hewa ya pazia inayowalinda abiria gari linapogongwa ubavuni. Kuchomelea karibu na vitu hivyo ni hatari, na bati lililobandikwa tu kwa gundi isiyostahili linaweza kung'oka kwa upepo wa mwendo na kumwangukia aliye nyuma yenu. Hoja yake kwamba kioo kipya kitapasuka tena ina ukweli pale tu ambapo chanzo kimeachwa, kwa mfano fremu iliyopinda, na jambo hilo hukaguliwa kabla ya kufunga, si sababu ya kukimbilia bati.

Fundi wa pili hajakosea moja kwa moja. Kioo kinachofunguka hushikwa na skrubu chache kila upande, na kukitoa kwenye gari moja na kukifunga kwenye jingine kunawezekana. Sharti ni kwamba kitoke kwenye gari la aina na toleo lilelile, kwa sababu kioo kilichokazwa kwa joto hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kutengenezwa. Mkijaribu kukipunguza hata kidogo kitasambaratika mikononi. Pitisheni kidole chenye glavu ukingoni mwake wote mkitafuta kovu, na mbonyeze mpira unaokizunguka: ukiwa umekakamaa au umechanika, kiacheni. Mimi binafsi ningenunua kipya, kilichoagizwa kwa namba ya chasisi ili rangi yake, unene wake na matundu ya skrubu viwiane, na chenye alama ya ubora iliyochongwa pembeni.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ile nusu saa. Kufunga skrubu kweli kunaweza kuchukua nusu saa, lakini kazi yenyewe ni kuondoa vioo vilivyovunjika, na hapo ndipo gari linapoharibiwa na watu wenye haraka. Vipande haviangukii kwenye viti peke yake. Huingia katika reli na kunata kwenye grisi ya zamani, na grisi yenye unga wa vioo hugeuka msasa: kila paa linapofunguliwa, inakwangua reli na kulegeza nyaya. Vingine hujikunja pamoja na pazia na kusubiri siku mtakayolifungua. Ndiyo maana nasisitiza mtu yeyote asibonyeze swichi ya paa wala asivute pazia mpaka usafi ukamilike. Fundi avae miwani na glavu, afyonze kwa mashine yenye mdomo mwembamba, afute grisi yote ya zamani, kisha apake mpya iliyoelekezwa na mtengenezaji.

Halafu kuna mirija ya maji, ambayo wenye magari wengi hawajui kama ipo. Mpira wa sanrufu haukukusudiwa kuzuia kila tone. Maji machache hupenya, yakapokelewa na trei iliyozunguka uwazi, na kutoka pembe za trei hiyo yakashuka kwa mirija iliyofichwa ndani ya nguzo za gari mpaka nje, chini ya gari au karibu na bawaba za milango. Niliwahi kuletewa gari lililobadilishiwa kioo mahali pengine miezi miwili kabla, mwenyewe akilalamika kwamba kioo kipya kinavuja. Zulia la upande wa abiria lilikuwa limelowa na kuanza kunuka, na nilipolinyanyua maji yalichuruzika. Kioo hakikuwa na kosa lolote. Nilipomulika tochi kwenye pembe ya mbele ya trei nilikiona kipande kimoja, kidogo kuliko punje ya hindi, kimekaa sawasawa kwenye mdomo wa mrija kama kizibo. Nilikitoa kwa kibano, nikamimina kikombe cha maji, yakatoka yote chini ya gari.

Kwa hiyo kabla kioo kipya hakijafungwa, mwambieni fundi amimine maji kidogo katika kila pembe ya trei mkiwa mmesimama hapo, nanyi mwone yanakotokea. Pembe ikigoma, azibue kwa uzi laini wa nailoni, kama ule wa kuvulia samaki. Asitumie waya wenye ncha, wala hewa ya kompresa yenye shinikizo kubwa, ambayo huweza kuuchomoa mrija kwenye kiungo chake juu ya dari, na hapo tatizo dogo litakuwa limegeuka kubwa.

Wakati wa kufunga, skrubu zishikizwe zote kwa ulegevu kwanza, kioo kikasawazishwa, ndipo zikazwe kwa zamu na kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha matengenezo. Magari mengi hutaka ukingo wa mbele uwe sawa na paa au chini yake kwa kama milimita moja, na ule wa nyuma uwe sawa au juu kidogo, ili upepo upite bila kukwama.

Nimeacha kwa makusudi jambo la watoto hadi hapa, kwa sababu nataka likae akilini. Viti vya watoto vitolewe nje, vivuliwe vitambaa, na vikung'utwe vikiwa vimepinduliwa. Chunguzeni kifungo cha mkanda kwa tochi, maana kipande kimoja ndani yake kinaweza kuuzuia ulimi usishike hata kama kwa nje mkanda unaonekana umefungwa. Pitisheni macho kwenye mikanda yenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho, na ukiwapo uliokatika nyuzi, ubadilishwe. Mpaka kioo kifungwe, nailoni yenu iwe nene na ibandikwe kwa utepe usiobandua rangi, msiende mwendo wa kasi, na watoto wasikae chini ya uwazi huo.

Swali

Mshauri, mimi kilichopata ufa ni kioo kikubwa cha nyuma cha paa, kisichofunguka. Kina nyufa nyingi lakini hakijaanguka. Fundi anataka kuzijaza silikoni. Je, inafaa?

*Msomaji wa kila toleo*

Jibu

Haifai, ndugu yangu. Kioo kilichopata nyufa kikabaki mahali pake huenda ni cha matabaka, yaani vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati, kama kioo cha mbele cha gari. Utando huo ndio unaokishikilia sasa, na silikoni haitaurudishia nguvu wala haitazuia nyufa kuendelea.

Kioo hicho hakina skrubu. Kimebandikwa kwenye mwili wa gari kwa gundi ya poliurethani, na mara nyingi ni sehemu ya ugumu wa paa. Kukibadilisha ni kazi ya fundi wa vioo hasa. Atakata gundi ya zamani bila kukwaruza rangi, na akikwaruza ni lazima apake dawa ya kuzuia kutu hapohapo, kwani kutu ikianza chini ya gundi, gundi mpya itanata kwenye kutu badala ya kwenye chuma. Muombe akuonyeshe tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye mrija wa gundi, na kama gari lako lina mifuko ya hewa ya pazia, atenganishe betri kabla ya kugusa dari. Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewani, na muda wa kusubiri kabla ya kuendesha huanzia saa moja hadi siku nzima, kulingana na aina yake na hali ya hewa. Fuata muda ulioandikwa na mtengenezaji wa gundi, hata kama fundi ana haraka ya kukukabidhi funguo.

Swali

Nimebadilisha kioo cha sanrufu wiki iliyopita. Kinafunga, halafu kinajifungua tena nusu. Je, nimeuziwa kioo kibovu?

*Mwenye gari jipya kwake*

Jibu

Yaelekea kioo chako ni kizima. Mota ya sanrufu hukumbuka mahali paa linapoanzia na linapoishia, na ina kinga inayoirudisha nyuma ikihisi kitu kimebanwa. Kioo kikibadilishwa au betri ikitenganishwa, kumbukumbu hiyo huweza kupotea, na mota hudhani imekutana na mkono wa mtu. Kitabu cha gari lako kina utaratibu wa kuifundisha upya, na kwa magari mengi ni kushikilia swichi ya kufunga kwa sekunde kadhaa mpaka paa limalize mzunguko wake. Ukishaikamilisha, jaribu kinga hiyo kwa kuweka taulo iliyoviringishwa kwenye njia ya kioo, kamwe usitumie mkono. Kioo kikigusa taulo kisirudi nyuma, rudisha gari kwa fundi siku hiyohiyo na uwakataze watoto kugusa swichi ya paa.