Acha ruta iandikishe majina ya kompyuta za nyumbani

“Baba, leo namba ya printa ni ipi?”

Kwa karibu mwaka mzima binti yangu aliniuliza hivyo kila umeme uliporudi. Juu ya printa tulibandika karatasi: 192.168.1.104, imekatwa, 107, imekatwa, 112, nayo imekatwa. Mke wangu ni fundi cherehani na risiti za wateja huzitoa kwenye printa hiyo hiyo. Mteja akiwa amesimama mlangoni anasubiri, namba iliyohama inauma.

Kama nyumbani kwako kuna kompyuta mbili tatu, printa, na labda mashine moja ya kuwekea picha na mafaili (yetu tunaiita ghala), nina neno moja la kukuambia: kifaa kinachogawa anwani (namba hizo), yaani ruta, ndicho kiandikishe na majina. Usizunguke kuandika majina kwenye kila mashine.

Mimi nilizunguka. Windows ina faili iitwayo hosts ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc, na Linux inayo kwenye /etc/hosts. Ukiandika humo anwani na jina, mashine hiyo itaelewa. Lakini ni hiyo tu. Anwani ya ghala ilipobadilika nilirekebisha mafaili manne, na kwenye simu sikuweza kugusa chochote. Intaneti yenyewe iliwahi kuishi hivyo. Orodha ya majina yote, HOSTS.TXT, ilitunzwa na kikosi cha Elizabeth Feinler huko SRI, taasisi ya utafiti ya California, na kila kompyuta ikawa inachukua nakala yake. Mashine zilipozidi kuongezeka orodha ikashindwa kwenda na kasi, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akatoa mpango wa DNS, yaani seva zinazoulizwa jina na kujibu anwani. Kwa hiyo ukiwa na mashine nne na faili la hosts, unabeba mzigo ambao wenzetu waliutua miaka 40 iliyopita.

Uandikishaji wenyewe hauna maajabu. Kompyuta ikiunganishwa na mtandao huomba anwani kwa DHCP (utaratibu wa kuomba na kupewa anwani), na ndani ya ombi hilo hutaja jina lake. Ruta huipa anwani kwa muda fulani. Kama ndani ya ruta kuna programu inayofanya kazi zote mbili, kugawa anwani na kujibu maswali ya majina, jina huingia daftarini papo hapo. Programu ya namna hiyo inayotumika sana ni dnsmasq ya Simon Kelley, na ukiweka OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta, kwenye ruta yako unaikuta humo tayari. Ruta nyingi tunazopewa pamoja na huduma ya intaneti hugawa anwani vizuri, ila ukiziuliza jina la mashine ya ndani hupeleka swali nje, na huko nje hakuna anayeijua ghala yako. Ipime yako kwanza kabla ya kununua chochote: andika nslookup, acha nafasi, kisha jina la kompyuta nyingine ya hapo hapo ndani. Ukijibiwa anwani ya nyumbani, nusu ya safari umeshaimaliza.

Yangu haikujibu. Nikanunua ruta ndogo inayokubali OpenWrt, nikaichomeka nyuma ya ile ya zamani. Angalia jambo moja: OpenWrt huanza na anwani 192.168.1.1, na ruta nyingi za zamani hutumia hiyo hiyo. Zikifanana, intaneti haitapita. Mimi upande wangu wa ndani niliuhamishia 192.168.8.1. Na Wi-Fi ya ruta ya zamani izime. Sikuizima, na kwa siku tatu sikuelewa kwa nini laptopu inaiona ghala lakini simu ya mke wangu haiioni. Simu ilikuwa bado inashika Wi-Fi ile ya zamani, iko kwenye mtandao mwingine kabisa.

Kosa lililonisumbua kuliko yote lilikuwa la DNS ya pili. Kwenye laptopu nilikuwa nimeweka ruta kuwa seva ya kwanza na 8.8.8.8, ile ya Google, kuwa ya pili, nikiamini kwamba ya kwanza isipojua, ya pili itasaidia. Sivyo. Mfumo huhesabu kwamba seva zote mbili zinajua mambo sawa, kwa hiyo ya kwanza ikichelewa kidogo huuliza ya pili, na ya pili ikijibu “jina hilo halipo”, hilo linakuwa jibu kamili. Ndiyo maana asubuhi ghala ilipatikana na jioni ikapotea bila mtu kugusa kitu. Ondoa seva za nje kwenye kompyuta zote, zibaki na ruta peke yake. Ukizitaka seva hizo, ziandike ndani ya ruta, iwe ndiyo inayotoka kuuliza. Tazama na simu za Android: kuanzia toleo la 9 kuna mpangilio wa DNS ya faragha, na ukiandika humo seva ya nje, simu itairuka ruta yako. Vivinjari navyo vina mpangilio wa aina hiyo.

Kuhusu mwisho wa majina (kama .com kwenye tovuti), nilianza na .local kwa sababu niliiona kwa watu. Iache. Tangu 2013 imetengwa rasmi kwa njia nyingine, ile ambayo mashine huulizana zenyewe bila seva, na laptopu yangu ya Linux ilikataa kabisa kuipeleka kwa ruta ilhali ya Windows ilikubali. Usibuni mwisho wako pia. Watengenezaji wa tovuti walizoea kutumia .dev kwenye majaribio yao ya ndani; ikaja kuwa mali ya Google, na mwishoni mwa 2017 Chrome ikaanza kulazimisha HTTPS (muunganisho uliosimbwa) kwenye kila jina la .dev, majaribio yao yakakwama. Kuna home.arpa, iliyotengwa mwaka 2018 kwa ajili ya mitandao ya nyumbani, na .internal, ambayo ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, iliihifadhi mwaka 2024. Mimi natumia home.arpa. Haipendezi machoni, lakini mara nyingi huandiki zaidi ya “ghala”, kwa kuwa ruta huziambia mashine zimalizie zenyewe.

Majina yawe mafupi: herufi, tarakimu na kistari basi, bila nafasi wala mstari wa chini (_). Kwa Windows usizidishe herufi 15.

Siku moja kwenye kumbukumbu za ruta nilikuta laptopu inajaribu kuwasiliana na prisoner.iana.org. Nilishtuka, nikadhani tumeingiliwa. Kumbe Windows ina mazoea ya ofisini: hujaribu kujiandikisha yenyewe kwenye DNS, kwa sababu ofisini kuna seva inayopokea. Nyumbani hakuna, kwa hiyo anwani za 192.168 huishia kwenye seva zilizowekwa makusudi kupokea na kutupa maombi ya namna hiyo. Si wadukuzi. Kwenye mipangilio ya TCP/IP ya Windows, sehemu ya DNS, kuna kisanduku cha kujiandikisha. Ondoa alama yake. Ruta itaendelea kulipata jina kupitia DHCP.

Halafu kuna jambo la umeme, na hili sikulikuta nimeandikiwa popote. OpenWrt huweka daftari la anwani kwenye kumbukumbu inayofutika ikizimwa. Umeme ukikatika na kurudi, simu na laptopu hupoteza Wi-Fi, huomba upya na majina hurudi. Ghala yetu iko kwenye UPS (betri ya akiba) pamoja na swichi yake, kile kisanduku cha kuunganishia waya za mtandao. Kwake waya haukukatika, kwa hiyo haikuona sababu ya kuomba upya hadi nusu ya muda wake ipite, na muda wa kawaida ni saa 12. Ruta haikuwa kwenye UPS. Kwa saa kadhaa jina la ghala halikuwepo, na mashine ipo hai inawaka taa. Dawa ni kuiandika ghala kwa mkono ndani ya ruta, jina na anwani isiyobadilika, pamoja na kuiingiza kwenye DNS moja kwa moja. Printa nayo niliifanyia hivyo hivyo, maana jina ililolitaja yenyewe lilikuwa mkufu wa herufi na tarakimu. Simu na laptopu ziache zijiandikishe.

Ukimaliza, toa nakala ya mipangilio ya ruta. Yangu iko kwenye flashi ndani ya kabati la cherehani, kwa sababu siku ruta ikifa, ghala haitafikika kwa jina.