Mwalimu, kabokationi ya teshiari si imebanana, mbona ndo imetulia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko fomu siksi hapa Moshi, PCB, na kabokationi, zile kaboni zenye chaji chanya, zinanichanganya sana. Tunaambiwa teshiari imetulia kuliko sekondari, sekondari kuliko praimari, lakini teshiari si ndo imebanana, makundi matatu ya kaboni kwenye kaboni moja, wakati sekondari ina mawili na praimari moja? Halafu kwenye moko walitoa (CH3)2CH–CH=CH2 na HCl, nikafuata kanuni ya Markovnikov (haidrojeni inaenda kwenye kaboni yenye haidrojeni nyingi zaidi) nikaweka klorini kaboni ya pili basi, nikakatwa maksi. Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huo mpangilio usiukariri, we kila ukikutana na kabokationi jiulize chaji chanya inabebwa na nani na nani. Kaboni yenye chaji ina elektroni sita tu ganda la nje badala ya nane, obitali yake ya p, yaani chumba kimoja cha elektroni, iko tupu kabisa, ni kama nyumba iliyofiwa na haina kitu ndani, majirani ndo wanachanga. Bondi za C–H za kaboni za pembeni zinaegemeza elektroni zao kwenye hiyo obitali tupu, hiyo ndo haipakonjugesheni. Sasa hesabu wachangiaji: (CH3)3C+ ina bondi 9, (CH3)2CH+ ina 6, CH3CH2+ ina 3, CH3+ haina hata moja. Mpangilio si huo umetoka wenyewe?

Kubanana ni swali zuri, wengi hawaulizi. Kaboni yenye bondi nne inazipanga kwa nyuzi kama 109.5, ila ikishakuwa kabokationi inalala bapa na pembe zinafunguka hadi 120, kwa hiyo yale makundi matatu yanapata nafasi zaidi.

Swali la moko: klorini kaboni ya pili hukukosea, umeishia njiani. Haidrojeni inaingia kwanza, inabaki kabokationi ya sekondari, lakini jirani yake ana C–H ambayo ikihama na elektroni zake mbili chaji inahamia kwenye teshiari, na inahama kweli, haraka sana. Ndo maana unapata bidhaa mbili, hiyo yako pamoja na (CH3)2CCl–CH2CH3. Kila ukiona sekondari imekaa jirani na kaboni yenye matawi, simama kwanza uangalie.

Na jina praimari lisikudanganye. Benzaili (C6H5CH2+) ni praimari lakini imetulia vizuri tu, kwa sababu ya rezonansi, yaani elektroni za ringi kusaidiana kubeba chaji, chaji inazunguka mpaka kwenye kaboni tatu za ringi.

Watu wanadhani hivi vitu vinaishi kwenye karatasi tu. George Olah alipewa Nobeli ya kemia 1994 kwa kazi yake ya kabokationi, alizishikilia kwenye asidi kali mno mpaka zikaonekana, lakini wewe nenda duka lolote la dawa hapo mjini uombe GV, ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto mdomoni. Ile ni kabokationi mwanangu! Kaboni ya katikati imezungukwa na ringi tatu, kila ringi na naitrojeni yake inayochangia elektroni, chaji imegawanywa kote huko mpaka inakaa ndani ya maji kwenye chupa bila shida, na ile rangi inatokana na huo mgawanyo.

Mwombe mwalimu wako wa maabara mjaribu, GV iliyozimuliwa sana ndani ya maji halafu mmimine sodiamu haidroksaidi, vaeni miwani. OH− itaing'ang'ania ile kaboni ya katikati, mgawanyo unakatika, na zambarau itafifia taratibu mbele ya macho yenu mpaka maji yabaki bila rangi.