Kichwa hakimuumi tena, mbona bado anayumba akitembea?

SWALI: Kijana wangu ana miaka 17, anacheza beki. Siku 12 zilizopita aligongana vichwa na mwenzake wakigombea mpira wa kona. Hakuzimia, ila alichanganyikiwa kwa dakika kadhaa. CT skani haikuonyesha tatizo, na kichwa kiliacha kuuma baada ya wiki. Sasa akitembea huku tunaongea anapunguza mwendo na kwenda upande, gizani anashika ukuta, na akigeuka kitandani anaona chumba kinazunguka kwa muda mfupi. Kocha anamtaka Jumamosi. Acheze? (Mama mzazi, Morogoro)

JIBU: Pole kwa kuuguza, mama. Jumamosi asicheze.

Nianze na hiyo picha, maana ndiyo inayowapa watu moyo kabla ya wakati. CT huonyesha damu iliyovujia ndani ya fuvu na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo, ambao dalili za kijana wako zinauelekea, ni hitilafu ya utendaji: nyuzi za neva zimevutwa, na seli za ubongo zinatumia nguvu nyingi kurudisha hali yake ya kawaida. Hayo hayaonekani kwenye picha. Mtu anaweza kuwa na picha safi na bado akawa hajapona.

Ili tusimame wima, ubongo huunganisha taarifa za macho, za sikio la ndani, na za misuli na viungo, hasa vya miguu na shingo. Baada ya mtikisiko, kazi hiyo ya kuunganisha huzorota. Mchana macho yanafidia. Gizani fidia hiyo haipo, ndiyo maana anatafuta ukuta.

Kuyumba anapoongea ni dalili muhimu zaidi. Kwa kawaida hatuhitaji kufikiri sana ili kutembea. Ubongo uliotikiswa hulazimika kuweka umakini kwenye kila hatua, na mazungumzo yakiuchukua umakini huo, hatua zinakuwa fupi, mwendo unapungua na kiwiliwili kinakwenda kushoto na kulia. Tatizo hili linaweza kubaki hata maumivu ya kichwa yakiisha. Uwanjani mchezaji anakimbia huku akisoma mpira, mpinzani na sauti ya kipa kwa pamoja, na tafiti zimeonyesha kwamba wanaorudi baada ya mtikisiko huumia zaidi vifundo na magoti katika miezi inayofuata. Akigongwa kichwa tena kabla hajapona, madhara yanaweza kuwa makubwa zaidi.

Unaweza kumpima nyumbani, akiwa amepumzika na peku. Chora kwa chaki mstari wa mita 3 kwenye sakafu ngumu. Atembee juu yake haraka kadiri awezavyo bila kukosea, kisigino cha mbele kikigusa vidole vya nyuma, ageuke mwishoni na kurudi. Pima muda. Kisha arudie huku akihesabu kwa sauti kutoka 100 akitoa saba saba: 93, 86, 79. Wewe au mtu mwingine atembee kando yake, tayari kumdaka. Kutoka nje ya mstari, kuacha nafasi kati ya miguu au kushika kitu ni kosa. Kipimo cha namna hii kimo kwenye SCAT6, fomu ya kupima wanamichezo iliyotolewa mwaka 2023. Usihangaike na sekunde kamili. Mlinganishe na mchezaji wa rika lake ambaye hajaumia. Kila mtu hupunguza mwendo kidogo akihesabu. Kinachotia shaka ni kusimama kabisa, kukosea hesabu na hatua kwa pamoja, au kuyumba kwenye kugeuka.

Hilo la chumba kuzunguka huenda ni jambo jingine, na kwangu ni habari njema kwa sababu linatibika. Pigo la kichwa linaweza kung'oa fuwele ndogo za kalsiamu ndani ya sikio zikaingia kwenye mifereji yake. Akigeuka, fuwele husogea na kizunguzungu kinakuja, kikiisha chini ya dakika moja. Mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa masikio humlaza kwa kipimo cha Dix-Hallpike, na wakikuta fuwele humgeuza kichwa hatua kwa hatua kwa mbinu ya Epley. Mara nyingi kikao kimoja hadi vitatu vinatosha. Msijaribu wenyewe kabla shingo haijakaguliwa. Dawa za kizunguzungu za dukani, kama sinarizini, zisitumike kwa wiki nyingi: zinachelewesha ubongo kujizoesha.

Kulala kutwa hakumsaidii. Mapumziko ya saa 24 hadi 48 za mwanzo yalishapita, hivyo atembee dakika 15 hadi 20 kila siku mahali tambarare. Aongeze zoezi la macho: ashike kadi yenye herufi moja usawa wa macho, mkono ukiwa umenyooka, akitikise kichwa kushoto na kulia kwa sekunde 30 huku herufi ikibaki inasomeka, mara tatu kwa siku. Azipe dalili zake alama mwenyewe, 0 hadi 10: zikipanda kwa zaidi ya alama 2, au zikidumu zaidi ya saa moja, kesho yake apunguze. Baiskeli na kuendesha pikipiki viwekwe kando kwa sasa.

Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia isivyo kawaida, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, au mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Mwambie kocha kwamba kurudi kuna ngazi sita, kila moja angalau saa 24: shughuli za kawaida pamoja na shule, mazoezi mepesi ya mwili, kukimbia na mpira peke yake, mazoezi ya timu bila kugusana, mazoezi kamili, halafu mechi. Kwenye ngazi ya pili mapigo ya moyo mwanzoni yasizidi kama 112 kwa dakika kwa umri wake, kisha yapande hadi 142. Kabla ya ngazi ya nne awe anamaliza mstari wa chaki akihesabu bila kutoka nje, na kabla ya ya tano apate kibali cha daktari kwa maandishi. Kupiga mpira kwa kichwa kusubiri kibali hicho.