Bushi au beringi kwa chuma cha nyumbani

Ndugu, umeeleza kwamba nyumbani unachuchumaa na uzito mabegani na kusukuma ukiwa umelala benchini, nawe unauliza kama chuma (ile fimbo ndefu inayovishwa sahani za uzito kila ncha) chenye beringi kinastahili bei yake. Kwa mazoezi hayo, chukua chenye bushi za shaba, yaani vipete vinavyokaa kati ya fimbo na ncha zake ili ncha zizunguke. Beringi za sindano, zenye vijiti vyembamba vinavyobingirika, hufaa zaidi pale chuma kinapopaa kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa ncha zinazobeba sahani zisipozunguka upesi, uzito wake hukusokota vifundo vya mikono. Wewe hufanyi hivyo. Fedha itakayobaki, nunua sahani. Dukani zungusha ncha kwa kidole, na ikikwaruza au kuchezacheza, kiache, hata muuzaji akisifu vipi kwamba chuma kina uzito wa kilo 20 kamili.